SOMO LA AFYA: VAZI MOJA, MIILI MINGI

Leo tujifunze juu ya mavazi ya vinyago yanayovaliwa na watu wengi kwa zamu.

Vazi la kinyago ni vazi kubwa lenye umbo la mnyama au la kiumbe wa hadithi. Mtu huingia ndani, akafunikwa kichwa mpaka miguu. Timu za mpira na viwanja vya starehe huyatumia kufurahisha watu. Watoto hucheka, lakini aliyemo ndani yumo kazini, na jasho linamtoka. Tena vazi ni ghali. Asubuhi analivaa huyu, mchana yule. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Mfano wa Florida

Huko Marekani, katika jimbo la Florida, kuna kiwanja kikubwa cha starehe kiitwacho Walt Disney World. Kilifunguliwa mwaka 1971. Wafanyakazi wake huvaa vinyago kama Mickey Mouse. Zamani walipewa hata nguo za ndani na kampuni, maana nguo zao wenyewe zilijikunja na kuonekana chini ya vazi. Jioni walizirudisha zifuliwe, na kesho yake nguo zilizovaliwa na huyu zilimfikia mwingine.

Wafanyakazi walilalamika kwamba nguo nyingine zilirudi chafu. Walisema baadhi yao walipata upele na chawa wa sehemu za siri. Chama chao cha wafanyakazi, Teamsters, kikazungumza na kampuni. Mwaka 2001 wakakubaliana: kila mfanyakazi awe na nguo zake za ndani, na aweze kwenda nazo nyumbani kuzifua.

Basi tunajifunza nini? Vazi la nje laweza kuwa la wote, lakini kinachogusa ngozi kiwe cha mtu mmoja.

Kwa nini?

Upele huletwa na kijidudu kidogo sana kinachochimba ngozi. Mara nyingi huenea ngozi zikigusana, lakini hata nguo za kuazimana zaweza kuueneza. Kijidudu hicho kikitoka mwilini huweza kuishi siku 2 au 3. Tena mtu anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Kwa hiyo tusiseme, "Mbona hakuna anayejikuna!" Fangasi nao hupenda mahali penye joto na unyevu.

Mambo ya kufanya

1. Kila mtu awe na nguo zake za ndani, soksi na kitambaa cha kichwa. Azifue kila baada ya zamu.

2. Zamu ikiisha, vazi ligeuzwe nje ndani, lianikwe penye upepo. Lisifungiwe likiwa na unyevu.

3. Ndani ya kichwa cha kinyago pafutwe kwa dawa ya kuua vijidudu, pakauke kabisa kabla ya mwingine kuvaa.

4. Kama kuna aliyepata upele, sehemu zinazofulika zifuliwe kwa maji ya moto. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki moja.

5. Pawe na daftari: nani kavaa, na lini limesafishwa.

6. Anayewashwa aseme mapema, atibiwe pamoja na watu wa nyumbani kwake. Asichekwe.

Mfanyakazi peke yake hayawezi yote haya. Mwajiri atoe maji, sabuni, dawa na muda wa kukausha. Kumwambia mtu "vaa hivyo hivyo, watu wanasubiri" si haki.

Nasi vijijini tunavyo vikundi vya ngoma na maigizo. Mavazi yake hutiwa katika sanduku moja mpaka sherehe nyingine. Hebu tulifungue sanduku hilo kabla ya siku ya sherehe.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chenu, ni vitu gani vinavyogusa ngozi na kuvaliwa na zaidi ya mtu mmoja?

2. Ni nani anayevisafisha, na anapewa nini cha kusafishia?