Vitenzi vikaidi vya Kifaransa

Nilipoanza Kifaransa nilijaza daftari zima vitenzi vikaidi, kila kimoja na nafsi zake sita, nikavikariri kama jedwali la kuzidisha. Haukupita muda nikawa nachanganya boire na devoir. Nilikuwa nabeba ukuni mmoja mmoja badala ya kufunga mzigo.

Basi tufunge. Weka pamoja boire (kunywa), devoir (kupaswa) na recevoir (kupokea). Mimi: je bois, je dois, je reçois. Wao: ils boivent, ils doivent, ils reçoivent. Sisi: nous buvons, nous devons, nous recevons. Ile oi inakaa kwa mimi, wewe, yeye na wao; ukifika sisi na ninyi, imetoweka. Pouvoir (kuweza) na vouloir (kutaka) vina tabia hiyohiyo kwa eu: je peux, ils peuvent, lakini nous pouvons, je veux, ils veulent, lakini nous voulons. Hata venir (kuja): je viens, nous venons.

Chanzo ni mkazo. Katika Kilatini, kilikotoka Kifaransa, nafsi zile nne zilikuwa na mkazo kwenye mzizi. Kwa sisi na ninyi ulihamia kwenye kiambishi cha mwisho. Irabu yenye mkazo ikageuka karne kwa karne, isiyo nao ikashika njia yake. Na sisi tusicheke: anakula, lakini hali, anakuja, lakini haji. Ku hiyo imebaki kwa sababu mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na -na- haiwezi kuubeba.

Kwa hiyo andika maumbo matatu tu: mimi, sisi, wao. Bois, bois, boit hutamkwa sawa, na buvez hufuata buvons. Ukijua prendre (kuchukua), umepata apprendre na comprendre bila jasho.

Wakorofi halisi ni wachache. Être, avoir, aller na faire huishia -ont kwa wao: sont, ont, vont, font. Aller ina vais, allons na irai, vipande vya vitenzi tofauti vilivyoshonwa pamoja, kama kuja na njoo. Kwa ninyi, kariri êtes, faites, dites. Hapo kwa dire pana mtego: vous redites, sawa, lakini vous contredisez na vous interdisez.