Ikigoma Kuwaka: Mafunzo Saba ya Datsun 240Z Kongowea

Afrika Mashariki iliifahamu Datsun 240Z ikiwa imejaa vumbi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews wakashinda nayo tena, baada ya kulingana alama na Datsun ya aina nyingine. Yangu haijapata kushindana na mtu. Ni ya mwaka 1972, nimeachiwa na ami yangu, na makazi yake ni banda la mabati Kongowea, Mombasa, si mbali na soko. Hapa haili vumbi, inaliwa na chumvi na unyevu wa bahari. Msimu wa masika ilikaa bila kuendeshwa, na mvua zilipokatika ikagoma. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuirudisha barabarani.

1. Kila fundi humshuku anayemjua

Kongowea mtu hakosi fundi. Malori ya viazi na kabichi kutoka bara hushusha mizigo usiku kucha, na mafundi wake hawako mbali. Mmoja alitazama chini ya boneti akakata shauri: "Bosi, hiyo ni pampu." Kijana anayetengeneza bodaboda akasema, "Mzee, plagi zimekufa, weka mpya." Fundi wa umeme hakufika hata kwenye injini: "Betri hiyo, mzee wangu."

Hakuna aliyesema ovyo. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hivyo lori likigoma fundi wake huanza na mafuta. Pikipiki huchafua plagi mara kwa mara. Na fundi wa umeme huletewa betri zilizokufa kila siku. Kila mmoja alinipa ugonjwa anaoujua. Nikawa namuuliza kila mmoja swali moja: "Tutapimaje?" Mwenye jibu la kupima nilimkaribisha, na mwenye jibu la kununua nilimshukuru nikamwomba anipe muda.

2. Uliza jambo moja kwa wakati mmoja

Injini ya petroli ina mahitaji machache: izunguke kwa kasi ya kutosha, ipate cheche kwa wakati wake, ipate mchanganyiko sawa wa petroli na hewa, na silinda zigandamize vizuri. Nilifuata mpangilio huo kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Stata isipozungusha injini sawasawa, huwezi kuilaumu kabureta.

Ukibadilisha plagi, koili na filta kwa mpigo mmoja na gari likawaka, umepata gari lakini hukupata jibu. Siku likigoma tena utanunua vyote vitatu upya. Gusa kitu kimoja, piga stata, andika kilichotokea, kisha endelea.

3. Betri nzima haimaanishi umeme umefika

Mita ilionyesha volti 12.6, yaani betri imejaa. Hata hivyo stata ilijikokota. Hapo ndipo nilipojifunza kupima wakati kazi inafanyika. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe wala si kibanio chake, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini. Mwenzako apige stata. Waya wa ethi ukiwa mzima, mita haitasoma hata nusu volti. Ikisoma zaidi, umeme unapotea njiani.

Wangu ulikuwa unapotea. Chini ya kibanio palikuwa na unga mweupe, na pale waya wa ethi unapofungwa kwa bolti palikuwa na kutu iliyojificha chini ya rangi. Maji ya moto yenye magadi yaliondoa unga, msasa ukaondoa kutu, na grisi kidogo juu yake ikazuia unyevu usirudi. Stata ikazungusha injini kwa nguvu, na betri ni ile ile.

4. Cheche ya kweli ni ya buluu

Ili kuiona cheche, chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze igusane na chuma cha injini, kisha stata ipigwe. Shika kwa koleo lenye mpini wa mpira, na usifanye hivyo mahali penye harufu ya petroli. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, haitawasha kitu ndani ya silinda. Yangu ilikuwa ya chungwa, na tena ya kubahatisha.

Magari ya enzi hiyo hutegemea pointi, vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana. Gari likikaa kwenye hewa ya pwani, nyuso zake hupata utando unaozuia umeme. Nilizipitisha msasa laini kabisa, nikazifuta kwa karatasi kavu, kisha nikapima mwanya. Kwa injini hii unatakiwa uwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Cheche ikawa ya buluu.

Kabla ya kuchomoa nyaya za plagi, zipige picha au zifunge vitambulisho. Silinda sita hizi huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na rota ya distributa huzunguka kinyume cha saa. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili juu ya ule unaoutafuta.

5. Kukanyaga mafuta hakusaidii

Kila aliyeketi kwenye usukani alikanyaga akselereta mara kadhaa kabla ya kugeuza ufunguo. Kwenye magari mengi ya zamani hilo hurusha petroli ndani ya injini. Kabureta mbili za 240Z, Hitachi za mtindo wa SU, hazina pampu ya kurusha. Unachofungua ni hewa tu. Kinachoongeza petroli wakati wa kuwasha ni choki, kile kishikio kilicho karibu na gia. Kwa joto la Mombasa choki huhitajika kidogo, na ikizidi plagi zinalowa.

Petroli yenyewe ilikuwa imechacha. Ikikaa muda mrefu hupoteza sehemu nyepesi zinazowaka haraka, na huacha gundi inayonasisha sindano ya boya ndani ya kabureta. Tulimwaga ya zamani, tukasafisha vyumba vya kabureta na kubadilisha mipira iliyopasuka. Ili kupima pampu, tulichomoa waya wa koili pasitoke cheche, tukaelekeza bomba la kabureta kwenye chupa, kisha tukapiga stata. Petroli ilitoka kwa msukumo mzuri. Pampu iliyohukumiwa siku ya kwanza haikuwa na hatia. Kazi hii ifanye nje, kizima moto kikiwa karibu, mbali na majiko ya wauza mahamri na watu wanaovuta sigara.

6. Angalia inazima lini

Sasa ilikuwa inawaka, lakini kwa namna ya ajabu. Ufunguo ukishikiliwa kwenye stata, injini inaguruma. Ukiuachia, kimya. Dalili hii inakwambia mahali pa kutafuta.

Koili ya gari hili hulishwa kwa njia mbili. Stata inapozunguka, hupata umeme wa betri moja kwa moja, ili cheche iwe na nguvu. Ukiachia ufunguo, umeme huhamia njia ya pili, inayopita kwenye rezista ndogo pembeni ya koili ili koili isichemke. Kama injini inaishi njia ya kwanza na kufa njia ya pili, basi koili, pointi, plagi na petroli vyote vimejisafisha. Mshtakiwa yuko njia ya pili tu.

Wengi hubadilisha rezista. Sisi tuliipima, ikawa nzima. Tukavuta waya wa muda kutoka chanya ya betri hadi upande wa kuingilia wa rezista, si kwenye koili moja kwa moja, na injini ikaendelea kunguruma hata ufunguo ulipoachiwa. Kwa hivyo umeme ulikuwa unakatika kabla ya kufika kwenye rezista. Kwenye 240Z, njia hiyo hupitia nyuma ya tachometa, ile saa inayoonyesha mizunguko ya injini. Nyuma ya dashibodi tukakuta kiungo cha waya kimeota kutu ya kijani. Tulikisafisha, tukakikaza, tukautoa waya wa muda. Ikawaka, ikabaki imewaka.

7. Viungo kwanza, vipuri baadaye

Kazi ilipokwisha nilihesabu vilivyonunuliwa: mipira ya petroli, petroli yenyewe, msasa na grisi. Stata, betri, koili, rezista, pampu na kabureta zote ni zile zile. Karibu kila kilichotukwamisha kilikuwa mahali ambapo kitu kimoja hukutana na kingine: kibanio na nguzo, bolti na bodi, pointi na mwenzake, waya na waya.

Kwa mwenye gari la zamani pwani, hilo ni jambo la fedha pia. Kabureta ya asili ya 240Z haikungoji kwenye rafu ya duka la vipuri. Ukitupa nzima kwa kudhani ni mbovu, utaagiza nyingine nje na kulipa kwa dola. Kwa hivyo kila masika yakiisha, kabla hata ya kupiga stata, pitia viungo vyote kuanzia kwenye betri hadi kwenye distributa: fungua, safisha, kaza, paka grisi (lakini si kwenye nyuso za pointi). Gari likigoma baada ya hapo, ndipo uanze kushuku vipuri, na hata hapo upime kabla hujanunua.