Java, Stima na Saa ya Nairobi: Kuiandalia Seva Mazingira

Huruma, kando ya Juja Road, ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana, na stima ikipotea hapo hakuna anayeshangaa. Mafundi chipukizi wa mtaa wanamuuliza mtaalamu wetu jinsi ya kuandaa seva ya programu. Mfano wake ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, na ambao ndio msingi wa KenyaEMR. Umeandikwa kwa Java na huendeshwa ndani ya Tomcat, seva ya programu za Java.

Kwenye laptopu programu inawaka, kwenye seva inagoma. Kwa nini?

Mtaalamu huanza na matoleo. Tomcat 10 iliacha majina ya javax ikachukua jakarta, hivyo programu iliyoandikiwa Tomcat 9 ikiwekwa huko haioni inachokitafuta. Kisha fundi akague JAVA_HOME, inayoonyesha Java ya kutumika: mashine moja huweza kuwa na Java mbili au tatu, na Tomcat ikashika ile isiyotakiwa. Msimbo wa programu hauna kosa lolote.

Mipangilio ikae wapi?

Nje ya programu, na hapa mtaalamu hataki mjadala. Mipangilio ya Java huingia katika setenv.sh, ndani ya folda ya bin ya Tomcat. Faili hilo haliji na Tomcat. Fundi huliunda mwenyewe. OpenMRS nayo huweka anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila katika openmrs-runtime.properties. Mpangaji akihama, mita ya stima hubaki ukutani. Vivyo hivyo toleo jipya likija, mafaili hayo hayaguswi.

Nywila iliyoandikwa ndani ya msimbo husafiri na msimbo popote unapopakiwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo faili lenye nywila lisomwe na akaunti ya Tomcat pekee.

Java ipewe memori kiasi gani?

Isipoambiwa, kwa kawaida hujiwekea kikomo cha robo ya RAM: kwenye mashine ya GB 4, kama GB 1. Huenda ikawa finyu. Lakini kuipa yote ni balaa zaidi, kwani MySQL, hifadhidata yenyewe, iko humo humo, na Linux ikibanwa huua mchakato mmoja bila kubisha hodi. Fundi aanze na -Xmx2g, yaani kikomo cha GB 2, ndani ya setenv.sh, kisha atazame matumizi halisi.

Mbona rekodi za usiku zina tarehe ya jana?

Seva inafuata UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Mtoto aliyezaliwa Jumanne saa saba usiku ataandikwa Jumatatu saa nne usiku, na kila kitu baina ya saa sita na saa tisa usiku kitapotoka hivyo. Dawa ni -Duser.timezone=Africa/Nairobi katika setenv.sh, na MySQL iwekwe saa hiyo hiyo.

Na stima ikipotea?

UPS hununua dakika chache za kuzima kwa utaratibu, basi. Tomcat isajiliwe kwenye systemd ijiwashe yenyewe, baada ya MySQL.

Kabla ya kukabidhi kazi, fundi, zima mashine, iwashe, kisha usiguse chochote. Ukurasa wa kuingia usipofunguka kwenye poti 8080, usidai malipo bado.