Bunduki kwa Jembe: Falsafa ya Msaada Nchini Msumbiji

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1977, vilikomeshwa na mkataba uliotiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Hata hivyo, silaha nyingi zilibaki zimefichwa au kufukiwa ardhini, zikihatarisha maisha ya wakulima na watoto. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kubadilisha silaha kwa zana. Aliyesalimisha bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakazifinyanga upya kuwa sanamu.

Mradi huu unaafikiana na methali ya Waswahili: "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Methali hii haikani ukarimu, bali huuwekea mpaka ili mpokeaji asigeuke tegemezi. Msumbiji ilikwenda hatua moja zaidi: mpokeaji alitoa kwanza. Makala haya yanashikilia kuwa mhakiki wa fasihi ya baada ya vita hana budi kuuliza iwapo mhusika anayesaidiwa, hata akiwa mtoto, ameachiwa nafasi ya kutoa. Akichorwa akinyoosha mkono tu, amenyimwa utu wake.