Mlo wa Vionjo wa Unyanyembe: Namna ya Kuusoma, Kuuonja na Kuulipia

Katika lugha ya sheria zetu, mlaji ni yeyote anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake, hata kama alichonunua ni bati au simu. Katika somo hili mlaji ni mlaji kwelikweli: ameketi mezani katika mgahawa wa kifahari, ameshika kadi yenye kichwa cha habari kuhusu Tabora au njia ya misafara, na ameombwa kiasi cha fedha ambacho nyumbani kingelisha familia kwa siku kadhaa.

Mlo wa vionjo ni sahani ndogo ndogo, aghalabu sita au nane, ziletwazo moja baada ya nyingine kwa bei moja iliyokwisha kupangwa. Mlaji hachagui, huchaguliwa. Hulipia kwa kuiamini kadi, na kwa sababu hiyo maneno ya kadi ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Ikiandikwa «asali ya Tabora», umeuziwa asali na umeuziwa Tabora pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu anachokiuza, na mpishi hakusamehewa.

Basi kadi huanza kusomwa kwa kuijua njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kufanya makazi. Livingstone naye alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 katika tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Wageni walikuja na wali na embe. Wanyamwezi, ambao ndio waliobeba mizigo ya misafara hiyo, walikuwa na mtama, uwele, kunde na chumvi ya Uvinza. Kwa hiyo kadi inayoweka wali kando ya ugali wa mtama haijakosea historia. Hata pweza wa nazi anaweza kuwa na haki ya kuwapo, mradi kadi iseme kwamba sahani hiyo ni ya Bagamoyo, mwanzo wa njia, na isimfanye pweza kuwa mwenyeji wa Tabora.

Baada ya mahali, angalia majira. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Uyoga wa porini huota wakati huo. Ukiletewa mwezi Septemba, basi ni mkavu, na mkavu una utamu wake, ila usiitwe mbichi. Kwa samaki wa Kigoma kuna kalenda nyingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mlaji aliyeahidiwa mgebuka wa jana usiku katikati ya Julai alikuwa na sababu njema ya kuuliza. Vyakula vilivyokaushwa, kinyume chake, havina wasiwasi wa majira: michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa, yaliyochemshwa kwanza, na nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo ustadi wa mpishi hupimwa. Nyama laini huweza kumsitiri mpishi wa wastani, lakini nsansa iliyoungwa kwa karanga haimsitiri mtu.

Kuuliza si utovu wa adabu. Uliza uyoga umechumwa wapi na nani, asali imetoka wilaya gani, na samaki amegandishwa au la. Mhudumu aliyeandaliwa vema hufurahia maswali hayo. Asiyejua atakwenda kumwuliza mpishi, na jibu litakaporudi utajua mengi kuhusu jiko lile. Swali la uyoga lina uzito wa pekee, kwa kuwa sumu ya baadhi ya uyoga wa porini haiondoki kwa kupikwa. Mwenye mzio wa karanga na aseme wakati wa kuweka nafasi, asingoje sahani ya tatu, kwani katika mapishi ya huko karanga huingia hata kwenye mboga ambazo jina lake halizitaji.

Onja taratibu. Anza kila sahani bila kuongeza chumvi wala pilipili, kunywa maji kati ya sahani na sahani, na usijaze tumbo kwa mkate wa mwanzo. Asali ikija mwishoni, omba kuonja ya nyuki wadogo sambamba na ya nyuki wakubwa: ya wadogo ni nyepesi zaidi na ina ukakasi mtamu, nayo huuzwa ghali. Wengi huamini kwamba asali iliyoganda imechanganywa na sukari. Asali safi nayo huganda, na jaribio la kiberiti au la tone kwenye maji halithibitishi usafi wake. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu hatari tumboni.

Kabla ya kuketi, fahamu kama bei inajumuisha vinywaji, kodi ya ongezeko la thamani na tozo ya huduma. Malipo ya awali yadaiwe kwa maandishi, pamoja na masharti ya kurudishiwa. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za huduma nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo kadi yenye dola peke yake ina kasoro. Sahani isipolingana na kadi, sema ikiwa bado mezani, na piga picha ya kadi. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.

Mlangoni huenda ukauziwa chupa ya asali kwa kumbukumbu. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4. Tuseme duka moja linauza lita kwa Sh 20,000 na jingine kilo kwa Sh 16,000; la kwanza ndilo nafuu, maana kilo yake haifiki Sh 15,000. Angalia kama lebo inataja ujazo au uzito, jina la mfungashaji na mahali asali ilikovunwa, kisha uifungue na kuionja kabla ya kutoa fedha, ikiwa muuzaji anaruhusu.