MADA YA 8: ZAO LA ALIZETI – KILIMO, MATUMIZI NA UCHAVUSHAJI

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza hatua za kilimo cha alizeti;
(b) kutaja matumizi yake kwa chakula na afya;
(c) kueleza uhusiano wa alizeti na nyuki.

1. Utangulizi
Alizeti (Helianthus annuus) asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako wenyeji waliilima kabla ya kufika kwa Wazungu. Nchini Tanzania hulimwa sana Singida na Dodoma, kwa kuwa mizizi yake huenda chini na kuiwezesha kuvumilia ukame kuliko mahindi.

2. Hatua za kilimo
(i) Kupanda: sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo.
(ii) Kupunguza miche: bakiza mmoja, ule wenye afya.
(iii) Palizi: fanya mapema, kabla magugu hayajaizidi miche.
(iv) Kuvuna: mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha kahawia. Mbegu nyingi hukomaa kati ya siku 90 na 120.
(v) Kukausha: anika juu ya turubai. Mbegu zikihifadhiwa mbichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu.

Mfano wa hesabu. Shamba lina urefu wa meta 60 na upana wa meta 45. Litabeba mimea mingapi?
Eneo la shamba = 60 × 45 = meta za mraba 2,700.
Eneo la mmea mmoja = 0.75 × 0.30 = meta za mraba 0.225.
Idadi ya mimea = 2,700 ÷ 0.225 = 12,000.
Kumbuka kubadili sentimeta kuwa meta kwanza. Hapo ndipo wengi hupoteza alama.

3. Ua la alizeti na nyuki
Unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi. Vya pembeni, vyenye petali ndefu za njano, havizai. Kazi yake ni kuvuta wadudu. Vya katikati ndivyo vinavyozaa, na kila kimoja hutoa tunda moja kavu, ambalo kwa kawaida tunaliita mbegu.

Kijiua hutoa chavua kwanza, na stigma yake huwa tayari baadaye. Kwa hiyo chavua inapaswa kutoka kwenye kijiua kingine, na nyuki ndiye mbebaji mkuu. Naye hupata nekta na chavua.

*Zingatia:* Usiandike kwamba alizeti iliyokomaa hufuata jua. Mmea mchanga ndio unaogeuka kutoka mashariki hadi magharibi mchana, kisha hurudi usiku, kwa sababu pande za shina hukua kwa kasi tofauti. Ikichanua, hubaki ikielekea mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California ulionyesha kuwa vichwa hivyo hupata joto mapema asubuhi na kutembelewa na nyuki wengi zaidi.

4. Matumizi
- Chakula: mafuta ya kupikia, mbegu za kukaanga.
- Mifugo: mashudu yanayobaki baada ya kukamua yana protini nyingi.
- Afya: mafuta yana vitamini E, hayana kolesteroli, na hulainisha ngozi kavu. Katika mtihani andika "husaidia", usiandike "hutibu".

5. Swali la mfano
Mkulima alinyunyizia dawa ya wadudu saa nne asubuhi alizeti zikiwa zimechanua. Alivuna vichwa vikubwa vyenye mapepe mengi. Eleza sababu na umshauri. (Alama 6)

Jibu:
- Saa nne nyuki huwa shambani, hivyo dawa iliwaua au kuwafukuza (2).
- Chavua haikufika kwenye stigma za kutosha. Urutubishaji haukufanyika, maganda yakabaki matupu (2).
- Ushauri: adhibiti wadudu kabla ya maua, ikibidi kunyunyizia, afanye jioni nyuki wakiwa mzingani (2).

Angalia: mtahiniwa anayeandika tu "dawa iliua nyuki" hupata alama 2. Alama nyingine ziko kwenye kuunganisha kifo cha nyuki na mapepe. Hoja hiyohiyo ndiyo anayoihitaji mzazi wako shambani: bila nyuki, mbolea na jasho lake havitajaza debe.

6. Jipime
1. Kwa nini kijiua cha alizeti huhitaji chavua ya kijiua kingine?
2. Shamba la meta 30 kwa 45 litahitaji mbegu ngapi, ukipanda 2 kila shimo?
3. Toa sababu mbili za kuweka mizinga karibu na shamba la alizeti.

*(Jibu la 2: 12,000)*