Ngoma Zetu Jukwaani: Kipi Huongezeka na Kipi Hupotea?

Katika makala haya nataka tujikumbushe somo la fasihi simulizi ambalo wengi wetu hulicheza kwa miguu bila kulifikiria kwa kichwa. Je, ngoma ya kiasili ikitolewa uwanjani na kupandishwa jukwaani, hubaki kuwa ngoma ile ile?

Kwanza tuzijue ala zenyewe. Sisi wa Kachibora tuna bahati, maana hapa tumechanganyika Wabukusu, Wakalenjin, Wakisii, Wakikuyu na wengineo. Wabukusu wana litungu, ala ya nyuzi saba yenye mikono miwili na tumbo la mti lililowambwa ngozi. Zamani nyuzi zake zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi wengi hutumia nailoni ya kuvulia samaki. Wanayo pia siilili, zeze linalopigwa kwa uta. Mchezo wao maarufu ni kamabeka, yaani mabega, kwa sababu mabega ndiyo hasa huchezeshwa. Jirani zetu wa Kakamega, Waisukha na Waidakho, wana isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisaidiwa na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Huchezwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, kwenye arusi, matanga na hata mapigano ya fahali.

Sasa tuje jukwaani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927. Mwaka wa 1971 ikaundwa Bomas of Kenya huko Nairobi, ambako wachezaji wale wale walijifunza ngoma za makabila mengi ili kuwaonyesha wageni. Faida si kidogo. Mwanafunzi wa Kikisii hapa shuleni aweza kucheza kamabeka vizuri kuliko mimi mwenyewe niliye Mbukusu! Bila tamasha, angeijulia wapi?

Lakini kila jambo lina gharama yake. Mimi naona mabadiliko manne.

La kwanza ni wakati. Ngoma ya arusi huendelea hadi watu wachoke. Jukwaani tuna dakika chache tu na kengele inalia.

La pili ni hadhira. Mwalimu ametufundisha kwamba hadhira tendi hushiriki, yaani huitikia, hupiga makofi na kuingia uwanjani. Jukwaani duara linavunjwa, tunajipanga mstari na kuwatazama waamuzi. Mama akitaka kuingia kucheza, ataambiwa akae chini.

La tatu ni tukio. Wimbo wa jando una siku yake, na kwa Wabukusu ni Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Jukwaani huimbwa siku yoyote, na hakuna anayetahiriwa.

La nne ni lugha. Wengi wetu hukariri maneno kama kasuku. Nilipomwimbia babu yangu, ambaye sisi humwita Kuka, wimbo mmoja wa kikundi chetu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, na hao wenzako wanajua wanamsifu nani?" Hilo ndilo swali lililonifanya nishike kalamu.

Wasiwasi huu si wetu peke yetu. Huko Korea wakulima walikuwa na ngoma yao ya vijijini iitwayo nongak, inayochezwa kwa kuzunguka uwanjani. Mwaka wa 1978, mjini Seoul, Kim Duk-soo na wenzake walichukua ala nne za ngoma hiyo wakazipiga ndani ya ukumbi mdogo. Ala hizo ni upatu mdogo uitwao kkwaenggwari, upatu mkubwa uitwao jing, ngoma yenye kiuno chembamba iitwayo janggu, na ngoma pana iitwayo buk. Wao husema upatu mdogo ni radi, mkubwa ni upepo, janggu ni mvua na buk ni mawingu. Wapigaji hukaa chini, na kazi yote hufanywa na mikono. Lakini hawakudanganya kwamba hiyo ndiyo nongak. Waliipa jina jipya, samul nori, yaani mchezo wa vitu vinne. Vijana wakaipenda, na nongak nayo ikaendelea kuchezwa.

Sasa sikiliza jambo la kutia uchungu. Mwaka wa 2014 UNESCO iliorodhesha nongak na isukuti yetu pia. Nongak iliingia katika orodha ya urithi wa kuwakilisha wanadamu wote. Isukuti iliingia katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi, na vifaa vya kutengenezea ala ni shida kupatikana. Kwani ngozi ya ngoma hiyo ni ya kenge, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977. Kenge hauzwi sokoni Kachibora!

Maoni yangu ni haya. Tusiache jukwaa, maana ndilo lililotukutanisha. Ila kabla ya kufanya mazoezi, tumwalike mzee mmoja atufafanulie wimbo ni wa tukio gani, unamsema nani, na duara lilikaaje. Pia kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayejifunza kuiunda ala, si kuipiga tu. Mwacha mila ni mtumwa, na anayecheza mila asiyoielewa yuko njiani kuwa mtumwa pia.

Zoezi
1. Taja ala tatu za jamii yako na ueleze kila moja hutengenezwa kwa nini.
2. Linganisha hadhira ya arusini na hadhira ya jukwaani.
3. Je, ngoma ya jukwaani ipewe jina jipya? Jadili na wanachama wenzako.